Maisha matakatifu na kushinda majaribu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja baada ya ibada, mtu akikuvuta pembeni, au usiku kwa ujumbe wa simu unaoanza na "Mtumishi, samahani kwa kukusumbua." Yanajirudia sana, na karibu kila anayeuliza huamini ni yeye peke yake mwenye shida hiyo. Majibu yamejengwa juu ya Biblia. Yanategemea pia mambo ambayo Wakristo wa nchi zetu waliyapitia, hasa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho uliowasha moto Rwanda na Uganda miaka ya 1930, maana wale ndugu walilijua jambo moja kwa undani: dhambi iliyofichwa hupata nguvu, na ikiletwa nuruni hunyong'onyea.

Nikijaribiwa, nimeshatenda dhambi?

Hapana. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kule jangwani, baada ya siku 40 bila chakula, Ibilisi alimjia mara tatu, na mara zote tatu Bwana alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Wazo lililopita kichwani halijawa dhambi. Yakobo anaeleza safari yenyewe: tamaa huvuta, huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Pambana nayo pale mwanzoni, ikiwa bado ni tamaa tu.

Utakatifu si ndiyo kuacha pombe, muziki wa dunia na mavazi fulani?

Yapo mambo ya kuacha, na wala hatuyaonei haya. Lakini ukianzia hapo utachoka. Angalia mpangilio wa Kutoka 20. Kabla ya amri hata moja kutolewa, Mungu anasema, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri." Aliwatoa kwanza, amri zikafuata. Hakuwapelekea Waisraeli amri kumi wakiwa bado wanafyatua matofali ya Farao, kwamba wakizishika vizuri ndipo awaokoe.

Paulo naye anawaandikia Wakorintho akiwaita "waliotakaswa", na ukisoma barua yenyewe unashangaa: wamegawanyika makundi, wanapelekana mahakamani, wengine wanalewa hata kwenye Chakula cha Bwana. Anawakemea vikali, lakini anawakemea kama watoto wa nyumbani. Anayejitahidi kuwa mtakatifu ili akubaliwe na Mungu huishi kwa hofu. Anayejua ameshakubaliwa kwa ajili ya Yesu hupata nguvu ya kuikataa dhambi, kwa sababu hana tena kitu cha kununua kwa utakatifu wake.

Nimeokoka miaka mingi. Mbona dhambi ile ile hainiachi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Warumi 7 inaonyesha mtu anayelitaka jema na kujikuta akitenda baya asilolitaka. Kwa hiyo hujaingia katika hali ambayo Biblia haiijui. Lakini usiishie sura ya 7, endelea hadi ya 8, ambako Paulo anasema tunayafisha matendo ya mwili kwa Roho. Tunaomba, tunafunga, tunajifungia chumbani na Mungu, na hayo yote ni ya lazima. Ila wengi wetu tumejaribu kuyafisha kwa siri. Mtu anatubu peke yake, anaanguka peke yake, analia peke yake, na hakuna binadamu hata mmoja anayejua anapambana na nini. Halafu Jumapili anaongoza sifa.

Yakobo 5:16 haisemi tu "ombeni". Inasema, "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Andiko hili tunalipenda kwa ajili ya wagonjwa, sehemu yake ya kwanza tunairuka. Ukimwuliza mtu ambaye dhambi moja imemsumbua miaka na miaka, "Nani mwingine anajua?", jibu karibu kila mara ni "Hakuna."

Uamsho wa Afrika Mashariki unahusiana nini na mimi?

Unahusiana sana, maana ulianza na Wakristo waliochoka na Ukristo wao wenyewe. Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ya kumjua Mungu zaidi. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, na alikuwa amekata tamaa kiroho. Wawili hao, mweupe na mweusi, katika enzi za ukoloni, walikaa na Biblia na kuomba pamoja, wakitafuta kujazwa Roho Mtakatifu.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda kufundisha Gahini. Mwishoni mwa Desemba 1933 palikuwa na mkutano wa maombi hapo, na watu wakaanza kuungama dhambi zao kwa uwazi ambao haukuwa umezoeleka. Waliokuwa wameiba walirudisha mali. Wamisionari waliwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao. Moto ule ulienea Uganda, ukafika Kabete nchini Kenya mwaka 1937, ukaingia Buhaya na sehemu nyingine za Tanganyika. Kigozi hakuuona wote: alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana.

Andiko walilolishika ni 1 Yohana 1:7: tukienenda nuruni, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote. Kutembea nuruni kwao hakukuwa fumbo. Mtu aliposimama kwenye ushirika hakueleza tu alivyookoka miaka ile. Alisema alivyo wiki hii: nilimdanganya mke wangu juu ya fedha, nilimwonea wivu ndugu yangu, Yesu amenionyesha, nimetubu. Kisha wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, ukapigwa, hata na watu wasiojua Kiganda. Mpaka leo ukiwakuta ndugu wazee wa ushirika, wa Kianglikana au wa Kilutheri, utausikia.

Kwa hiyo nisimame kanisani niseme kila kitu?

La. Hata ndani ya Uamsho walikuwepo waliogeuza ushuhuda kuwa maonyesho, wakataja mambo ya ndani na majina ya wengine, wakaumiza familia. Ukubwa wa ungamo ulingane na ukubwa wa kosa. Kosa la moyoni, liungame kwa Mungu, na umwambie ndugu mmoja mkomavu likiwa limekushinda. Uliyemkosea, mwendee yeye. Ulichokosea hadharani, kiri hadharani. Mkatoliki anayo sakramenti ya kitubio, na padri amefungwa kabisa kutunza siri hiyo. Kwa wengine, chagua mtu wa jinsia yako, anayejua kunyamaza, aliyewahi kupambana, na asiye na mamlaka juu ya mshahara wako. Mwanamume asiende kuungama tamaa zake kwa dada wa kwaya anayemvutia. Huko ni kujitafutia jaribu la pili.

Usiku nashindwa na simu. Naangalia picha na video chafu, kisha najichukia. Nifanye nini?

Tuitazame hiyo saa yenyewe kwa karibu. Saa tano usiku, mwenzako wa chumba amelala, taa imezimwa, una bando la usiku ambalo ni bei rahisi. Unafungua simu kuangalia matokeo ya mpira. Dakika kumi baadaye uko mahali pengine kabisa, mwanga wa kioo umeupunguza hadi chini, na unaomba usikutwe.

1 Wakorintho 10:13 inaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea." Watu huniambia, mbona mimi sikuuona? Ulikuwepo saa tatu, ulipokuwa unaamua simu italala wapi. Saa tano unakuwa umeshaupita. Daudi hakuangukia kitandani kwa Bathsheba tu. 2 Samweli 11 inaanza kwa kusema ulikuwa wakati wafalme watokapo kwenda vitani, naye akakaa Yerusalemu. Akaamka jioni, akatembea juu ya dari, akaona.

Basi fanya mambo ya kawaida kabisa. Chaja ikae sebuleni au kwa mwenye nyumba unayemwamini. Nunua saa ndogo ya mezani ya kukuamsha, usisingizie kengele ya simu. Acha kununua bando la usiku. Toka kwenye makundi yanayorusha hizo video, hata kama ni ya ndugu wa ukoo. Kisha mtafute mtu mmoja umwambie, na umpe ruhusa ya kukuuliza kila wiki bila kung'ata maneno. Yusufu, alipokamatwa nguo na mke wa Potifa, hakubaki kumhubiria. Aliiacha nguo mkononi mwake akakimbia. Zipo dhambi za kupinga ukiwa umesimama, lakini uasherati Biblia inasema tuukimbie.

Na dada zetu, hili si la wanaume tu. Wapo wengi wanaoteseka kimya kwa sababu kila mafundisho yanadhani tatizo ni la akina kaka.

Kubeti ni dhambi? Natumia fedha kidogo tu.

Jiulize kinachokupeleka. Paulo anasema wanaotaka kuwa na mali huanguka katika majaribu na tanzi (1 Timotheo 6:9). Kinachowaumiza wengi si dau la kwanza. Ni kule kutaka kurudisha kilicholiwa baada ya mkeka kuchanika, kisha kukopa kwenye simu, kisha kugusa ada ya mtoto. Ushauri wangu ni kuacha kabisa, kufuta programu zenyewe, na kumwambia mwenzi wako kiasi halisi cha deni, shilingi hadi shilingi.

Nilichukua fedha isiyo yangu kabla sijaokoka. Mungu amenisamehe, kuna haja ya kurudisha?

Ipo. Sheria ya Musa ilimtaka mtu anayekiri mwenyewe arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mwizi wa kondoo alitozwa wanne kwa mmoja (Kutoka 22:1). Zakayo, ambaye hakuna aliyemshitaki siku ile, alijitoza mara nne. Hakutafuta nafuu ya sheria, alijihukumu mwenyewe kama mwizi, na alifanya hivyo kwa furaha kwa kuwa Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani mwake. Ndugu wa Uamsho walilielewa hili, ndiyo maana walirudisha mali.

Jaribu la leo liko mfukoni. Ujumbe unaingia: laki mbili na nusu kutoka namba usiyoijua. Kabla hujakaa sawa, umeshaipangia kodi ya nyumba. Fedha hiyo si baraka, ina mwenyewe. Lakini uwe na busara pia, kwa sababu matapeli hutuma ujumbe bandia kisha wakakupigia wakilia. Angalia salio lako kwanza, usitume kwa namba iliyokupigia, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ili wao warudishe muamala.

Kama huna uwezo wa kurudisha yote, nenda ukiri na upange kulipa kidogo kidogo. Aliyekula rushwa kazini na hajui waliotoa ni akina nani, atafute ushauri wa mchungaji na wa mtu anayejua sheria kabla ya kwenda popote. Asiitumie hiyo kama njia ya kuahirisha.

Mahari imeshatolewa nusu, harusi ni Desemba. Kuna ubaya gani tukikutana kimwili?

1 Wathesalonike 4:3 inasema mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati. Haikuweka kipengele cha wachumba. Mahari ni heshima kati ya familia, si cheti cha kuingilia. Kama mmekwishaanguka, tubuni wote wawili, mwambieni mlezi wa ndoa, na acheni kukutana chumbani. Kaeni barazani, sokoni, kwa shangazi. Kama kinachochelewesha ni gharama za sherehe, punguzeni sherehe. Nalisema hili kwa moyo wote: vijana wanasukumwa dhambini na kadi za michango na ukumbi ambao hakuna aliyeuhitaji. Wazazi na kamati, hapo nanyi mna la kujibu.

Je, si pepo? Labda nahitaji mafuta ya upako.

Tunaamini Yesu anatoa pepo, Injili zimejaa habari hiyo. Ila Wagalatia 5 inaita uasherati, hasira, ulevi na wivu "matendo ya mwili", na dawa ya mwili ni kusulubiwa pamoja na Kristo, kila siku. Ombewa, ndiyo. Lakini anayekutajia bei ya maombezi au kukuuzia chupa, mkimbie. Bwana alisema, "Mmepata bure, toeni bure" (Mathayo 10:8).

Pombe na dawa za kulevya zimenishinda. Kwenda hospitali ni kukosa imani?

Si kukosa imani hata kidogo. Uraibu hugusa mwili na ubongo pamoja na roho. Muhimbili, Dar es Salaam, wamekuwa wakitoa methadoni kwa waraibu wa heroini tangu 2011, na Mkristo anayekunywa dozi yake kila siku na kuja kwenye maombi jioni anatembea nuruni. Mlevi wa muda mrefu asiache ghafla bila daktari, maana kuacha huko kunaweza kuua.

Kufunga kunasaidia?

Kunasaidia kuujulisha mwili kwamba si kila unachodai utapewa. Hakumlazimishi Mungu. Na ukifunga huku unagombana na mkeo, soma Isaya 58 kabla hujaendelea.

Mbona mafundisho ya utakatifu ni ngono na pombe tu?

Ni kweli, na ni kosa kubwa. Chuki, ukabila na kisasi vimeua kuliko baa. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo ile ile iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994, ambapo Watutsi waliokimbilia makanisani, Nyamata na Ntarama, waliuawa humo humo ndani. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Tusilipite jambo hili haraka. Mtu anaweza kuacha sigara, akalijua Agano Jipya, na bado akaacha kona moja ya moyo ambayo nuru haijaruhusiwa kufika: wale watu wa kabila lile.

Wapo walioikubali nuru mpaka huko. Kenya ya kati, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshashiriki damu ya Kristo na hawawezi kushiriki nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha za serikali dhidi ya jirani zao. Walichukiwa pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Jaribu lao halikuwa tamaa. Lilikuwa hofu, na hofu ina maelezo mengi ya kukubalika.

Ukijichunguza leo, usiulize tu umeangalia nini. Uliza ulicheka utani gani wa kabila gani, na ni jina la nani likitajwa tumbo linakukaza.

Nimeanguka tena, na niliahidi mbele ya Mungu. Bado ananitaka?

Ndiyo. 1 Yohana 1:9 imeandikwa kwa waamini: tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Petro alisisitiza kwamba hatamkana Bwana, akamkana usiku ule ule. Yesu alijua mapema, akamwombea, akamwambia, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Kazi yake ya baadaye ilikuwa imeshapangwa kabla jogoo hajawika. Usisubiri wiki ipite "ujisikie msafi" ndipo uombe. Omba sasa hivi, na kabla ya kesho jioni mwambie yule ndugu.

Ndugu ameniungamia kwamba amemdhuru mtoto. Nitunze siri?

Hapana. Ungamo halikuwekwa ili kumlinda mkosaji dhidi ya sheria wakati mtoto yuko hatarini. Mwambie wazi kwamba utatoa taarifa, na ikiwezekana aende mwenyewe nawe ukiwa naye. Tanzania na Kenya namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Toa taarifa leo, usingoje kikao cha wazee wa kanisa.

Nina miaka zaidi ya sitini. Nilidhani majaribu yangekwisha.

Yanabadilika. 1 Wafalme 11 inasema ilikuwa Sulemani alipokuwa mzee ndipo wake zake walipomgeuza moyo. Uzeeni huja uchungu wa mambo ya zamani, kupendelea mtoto mmoja, kung'ang'ania uongozi, kutaka kuheshimiwa kila mahali. Wengi wa wazee wetu hawana tena wa kuwauliza maswali, kwa sababu kila mtu huwaita baba au mama wa kiroho. Kwa hiyo mzee wangu, tafuta rika lako mmoja, hata kama wamebaki wachache, mkutane mara moja kwa wiki mkasome sura moja na kuambiana ukweli. Na kile kiwanja ambacho watoto wanakivutania, andika wosia ukiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi, na uwasomee wote siku moja wakiwa wamekaa pamoja.